Sandali Isiyo na Mti

Kirumba, Mwanza
2 Machi 2025

Kaka Shigela,

Shikamoo. Mama ameniambia kwamba baada ya kunikatia simu uliipiga kwenye jiwe, na umeapa hununui nyingine. Basi vizuri. Karatasi haikatiki katikati ya maneno, kwa hiyo safari hii utanisikiliza mpaka mwisho au utanitia mekoni. Barua zangu nitampa kondakta wa basi la Magu aziache dukani kwa Odeta, pale Kisesa. Majibu yako mwachie Odeta huyo huyo.

Uliniita mwizi wa miti. Ulisema mafuta ya sandali tunayouza dukani kwa mzee Liaqat yanatoka kwenye misandali ya kilimani kwetu, ile aliyoilinda baba mpaka akafa. Kaka, kwenye chupa yetu hamna mti. Mzee Liaqat aliacha mafuta ya mti zamani, tangu mlinzi mmoja wa msitu alipokatwa mapanga kwa ajili ya magunia mawili ya mizizi. Aliyamwaga yote mtaroni, na watu wa mtaa wetu wanakumbuka jinsi mtaro ulivyonukia. Siku hizi anaagiza maji ya manukato yaliyotengenezwa maabara, na mimi ndiye ninayeyachanganya. Kuna wateja wanaotoka Ilemela na magari yao kuniuliza kama ni ya asili. Nikiwaambia ni ya maabara wananirudishia chupa kana kwamba nimewapa sumu. Wanadhani kilichoota ardhini hakiwezi kuwa na damu ya mtu.

Nimechanganya miaka miwili mpaka nimeipata harufu ninayoitaka. Ni nyumba ya baba, kaka. Ni vile vibuyu vya maziwa alivyovifukiza kwa vipande vya mzizi mkavu. Siku nilipoipata nilikaa chini nikalia, na mzee Liaqat akafunga duka mapema. Nakutumia kichupa. Ukiweza kuitofautisha harufu yake na ya mti wenyewe, nitakinywa.

La mwisho, na usinicheke. Nimepata mtu. Anataka kuja kwako kujitambulisha, maana baba hayupo na mahari ya kwetu sasa ni wewe wa kuipokea. Jina lake atakutajia mwenyewe mlangoni, kama desturi yetu inavyotaka.

Mdogo wako,
Modesta


Mwabulenga, Magu
9 Machi 2025

Modesta,

Marahaba. Barua nimesoma, na mekoni sijaitia, maana karatasi ni nzuri.

Wewe kwenye msiba wa baba mdogo Ngosha ulikuja na viatu vya mjini, ukalia, ukarudi mjini. Hukumwosha. Mimi nilimwosha. Alikuwa analinda kilima usiku ule kwa filimbi na fimbo tu, mzee wa watu, na wale wang'oa miti wakamkata shingoni, kisha wakamkata mkono ulioshika filimbi. Filimbi niliikuta imejaa damu ndani. Nimeiosha na ndiyo ninayoipuliza sasa, kwa kuwa sungusungu wamenichagua niwe kamanda wao.

Kwa hiyo usiniambie mambo ya wateja wa magari. Msandali haukatwi, hung'olewa na mizizi yake, na pale ulipokuwa linabaki shimo. Nenda kilimani uhesabu mashimo.

Kichupa nimekifungua. Nimekinusa mimi, nimempa mama, nimewapa vijana. Wote tumesema neno moja. Ni mti. Kitu cha kupikwa maabara kinanuka maabara, hakiwezi kunuka baba. Ama huyo Mhindi wako anakudanganya au wewe unanidanganya mimi. Kichupa nimekiweka juu ya kabati na sitakitupa, maana hata cha wizi bado ni mti wetu.

Sungusungu tumekula kiapo kipya juu ya wezi hawa na namna ya kuwajua. La kiapo halisemwi nje ya duara, hata kwa dada. Utasikia matokeo.

Huyo mtu wako aje. Anafanya kazi gani? Mwambie kwangu hadharauliwi mtu mwenye mikono ya kazi.

Shigela


Kirumba
20 Machi 2025

Kaka Shigela,

Shikamoo. Uliyoyaandika juu ya baba mdogo yamenilaza bila kula. Sikujua habari ya filimbi. Uliniambia alikatwa, hukuniambia ulimwosha peke yako. Pole sana kaka yangu.

Lakini kwenye kichupa umenipa sifa na hujui. Nyote mmenusa, mkasema ni mti. Mzee Liaqat amefunga Ramadhani na hawezi kunusa mchana, ila nilipomsomea barua yako alicheka mpaka akakohoa. Tofauti unayoitafuta haiko kwenye pua, iko kwenye siku. Mafuta ya mti yanaondoka taratibu, jioni huyasikii tena. Yangu yanang'ang'ania. Nimepaka kitambaa, nimekifua mara tatu kwa sabuni ya unga, bado kinanukia. Niliyatengeneza hivyo makusudi, kwa kuwa watu wa huku wanatoka jasho na wanataka kitu kinachodumu mpaka Idi iishe. Oda za Idi zimenifika shingoni.

Uliuliza kazi yake. Anauza dagaa. Ananunua pale sokoni Mwaloni alfajiri, anafunga gunia kwenye pikipiki, anazunguka nalo vijijini. Cheka sasa, umalize. Atakuja Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili, jioni, baada ya kuuza. Amejawa na wasiwasi kwamba atamnukia shemeji yake dagaa. Usiku ananiuliza, asubuhi ananiuliza. Nimemwambia nitamsugua mikono kwa limau na majivu, kisha nitampaka sandali yangu viganjani na kwenye kola, ili ukimpa mkono usikie nyumba ya baba. Labda hapo ndipo utaniamini.

Atakuletea gunia la dagaa wakavu, wale wa kuchagua. Mpokee vizuri, kaka. Ni mpole kupita kiasi, ukimkaripia anasema ahsante.

Mdogo wako,
Modesta


Mwabulenga
23 Machi 2025

Modesta,

Marahaba, maana najua umeniamkia. Nasikia barua yako nyingine iko kwa Odeta. Sijashuka Kisesa kuichukua, nimelala kilimani juma zima. Nitaipata gulio la Jumatano. Nakuandikia hii kwanza kwa kuwa nina furaha, na kijana anayekwenda huko leo anaifikisha.

Tumemkamata. Jana, jua linazama, chini ya kilima, mtu mgeni na pikipiki amesimama anauliza njia. Kija, mmoja wa vijana wangu, akapuliza filimbi yake, tukamzunguka. Sasa naweza kukwambia kiapo chetu, kwa kuwa kimefanya kazi. Tuliapa kwamba mgeni yeyote atakayekutwa karibu na kilima ananuka sandali, huyo ndiye mwizi, hakuna haja ya shahidi mwingine. Nilimshika viganja nikavinusa mwenyewe. Modesta, alikuwa mti mtupu. Viganja, kola, kila mahali. Alikuwa msafi, kucha zake nyeupe kama za karani, hana hata chembe ya udongo. Nikajua huyu si wa kuchimba, ni tajiri wao.

Kwenye gunia alikuwa na dagaa. Ndio ujanja wao, wanafunika mizizi kwa dagaa. Mizizi hatukuikuta, nadhani alikuwa ndiyo anakwenda kuichukua.

Tukamwuliza anakwenda kwa nani. Akasema kwa shemeji yake. Shemeji gani? Akasema Shigela. Vijana wakacheka, nani huku asiyejua jina la kamanda. Nikampiga fimbo ya mdomo kwa kunichezea jina, na taya likalia. Hakusema tena. Kisha vijana wakafanya yao. Nilitaka mikono, kwa ajili ya mkono wa baba mdogo, kwa hiyo tuliilaza juu ya jiwe moja baada ya mwingine. Kila alipopata pumzi alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kama anayeshukuru, ikatuudhi zaidi. Pikipiki tukaichoma. Yeye tukamburuta mpaka lami ili wenzake wamwone.

Usiku nililala kama mtoto, mara ya kwanza tangu msiba.

Mwambie mtu wako aje sasa, njia ni salama. Nitamchinjia mbuzi.

Shigela


Mwanza
24 Machi 2025

Kaka Shigela,

Nisamehe sikuamkii leo. Malimi amevamiwa. Malimi ndiye mtu wangu, sasa hana mdomo wa kukutajia jina lake kwa hiyo nakutajia mimi. Alitoka hapa Jumamosi kuja kwako na hakufika. Dereva wa lori la pamba alimkuta kando ya lami akamleta hospitali hapa mjini akidhani amebeba maiti.

Majambazi wamemvunja taya. Macho hayafunguki, yamefungwa bandeji. Mikono, kaka, mikono yote miwili, mfupa kwa mfupa. Daktari anasema hiyo si ajali, mtu ameilaza mahali akaiponda. Ni nani anayempiga muuza dagaa namna hiyo? Gunia la dagaa lina nini?

Hawezi kusema wala kuandika. Nikikaa karibu nakutana na harufu ya sandali yangu ikitoka kwenye ile damu, haijatoka hata kidogo, na wauguzi wananiuliza kama ni dawa ya kienyeji.

Najua wewe ni kamanda. Wewe una watu, una filimbi. Ilitokea karibu na kwenu. Watafute, kaka. Sijawahi kukuomba umpige mtu, wala kumtakia mtu mabaya hivi, lakini hawa watafute, na ukiwapata usiwahurumie.

Modesta


Mwanza
28 Machi 2025

Shigela,

Barua yako ya tarehe ishirini na tatu imenifikia leo, kijana wako aliiacha dukani nami nimeshinda huku hospitali. Zilipishana njiani. Ya kwangu bila shaka umeshaisoma. Nimeisoma ya kwako mlangoni pa wodi, nimesimama, na nilipofika pale anapotikisa kichwa nilianguka. Alikuwa anakushukuru. Nilikwambia yule mtu anasema ahsante.

Sitakutukana, matusi hayatoshi. Nitakuuliza kitu kimoja. Sisi tumekulia chini ya kilima kile. Tulikuwa tunamsaidia baba kuchimbua mizizi iliyokufa. Mikono yetu ilinuka nini siku zile? Ilinuka udongo, Shigela. Mzizi ukitoka ardhini ni udongo na jasho. Mpaka ukauke, ukae ndani, uchongwe, ndipo sandali inakuja. Anayeng'oa mti hanuki mti. Ulijua hivyo tangu una meno ya maziwa. Ulimwona kucha nyeupe, hana chembe ya udongo, ukaliandika hilo kwa mkono wako, halafu ukampiga. Akakutajia jina lako, ukampiga kwa kulitaja.

Ndani ya bahasha nimeweka vikaratasi viwili. Kimoja nimekichovya kwenye mafuta ya mti, kumbe mzee Liaqat hakumwaga yote, alibakiza chupa moja kwa ukumbusho. Kingine kwenye yangu. Havina alama. Vinuse, uniambie kipi kilistahili kuvunjiwa mtu mikono.

Sasa sikia la haraka. Malimi ana kaka, anaitwa Chenge, ndiye mkubwa wa wabeba mizigo pale Mwaloni. Dereva wa lori amewaonyesha mahali, wamekuta pikipiki iliyoungua. Kijiji wanakijua. Mtu hawamjui. Jumapili asubuhi wanakuja na lori zima, wana mapanga na makasia, na Chenge ameniambia kwa utaratibu, anakula mihogo, kwamba kama hawataonyeshwa aliyefanya watachukua yeyote watakayemkuta. Ameniuliza kama nina jina. Nimesema sina. Nimemdanganya mtu ambaye mdogo wake analishwa kwa mrija, kwa ajili yako.

Nenda polisi kabla ya Jumapili. Jitaje. Wakikufungia, kijiji kitapona na wewe utapona. Kondakta nimemlipa aache basi Kisesa apande bodaboda mpaka mlangoni kwako, akungoje uandike.

Modesta


Mwabulenga
29 Machi 2025

Mdogo wangu Modesta,

Kondakta amekaa hapa anakunywa maziwa, ananingoja. Nitaandika kifupi.

Barua zako mbili nilizisoma Jumatano pale dukani kwa Odeta, moja baada ya nyingine. Ile ya kusugua mikono kwa limau na majivu niliisoma ya kwanza. Odeta alinishika begani akadhani nina degedege. Nilirudi nikaenda kwenye lile jiwe nikakaa mpaka asubuhi, na tangu siku hiyo sijampa mtu mkono.

Udongo. Ndiyo, nilijua. Siwezi kukudanganya wewe. Viganja vyake vilipofika puani niliijua ile harufu kuwa ni ya ndani ya nyumba, si ya kilimani, na nilichosikia ni baba, na baba mdogo, na hasira ikaja juu ya kila kitu. Nilitaka awe yeye. Nilikuwa nimechoka kutokuwa na mtu wa kumpiga.

Vikaratasi nimevinusa nje, penye upepo, nimevinusa na ndani. Nimemwamsha mama naye akavinusa. Hatuwezi, Modesta. Vyote viwili ni baba.

Unasema polisi. Nikienda leo watanifungia, na kesho Chenge atashuka kwenye lori hapa na hatanikuta. Atamkuta Kija, atawakuta watoto wanaorudi kisimani. Atachagua mtu kwa alama yoyote itakayompendeza, kama nilivyochagua mimi. Huwa hivyo ukishakuwa na watu nyuma yako na fimbo mkononi. Mama na watoto wote nitawapeleka leo kwa Odeta. Vijana nimewaambia ukweli, nikawanyang'anya filimbi. Wengine wamelia. Wengine wamesema, kamanda, pua ni yako.

Kwa hiyo mpe Chenge alama. Usimpe jina, alama inatosha na haikosei. Mwambie asiingie kijijini. Kesho asubuhi, pale pikipiki ilipoungua, atamkuta mtu amekaa peke yake. Nimeteremsha kichupa chako juu ya kabati. Nitakimaliza chote, viganja, kola, nywele, kila mahali. Mwambie amguse yule anayenuka sandali, wala asimguse mwingine.

Nikibaki na uhai nitajitaja polisi mwenyewe. Nisipobaki, mahari yako sidai, na msandali mdogo ulioota nyuma ya kaburi la baba ni wa Malimi.

Kaka yako,
Shigela


Mwanza
1 Aprili 2025

Kaka Shigela,

Shikamoo. Muuguzi Queen atakusomea hii kwa sauti ndogo. Nina ruhusa ya kuingia wodini lakini siyo ya kusema na wewe, kwa kuwa yule askari kwenye kiti miguuni pako anakulinda kama mtuhumiwa. Wameniambia ulijitaja ukiwa bado kwenye machela, ukataja kila fimbo, kisha ukazimia.

Nilimpa Chenge alama. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Alikuja Jumamosi usiku, akaniuliza tena, nami nikamwambia kama ulivyoniambia, neno kwa neno. Nilikuwa nalia, lakini nilisema. Nilipokuwa nasema nilikuwa naiona mikono ya Malimi. Wewe ni kaka yangu na nilisema. Hakuna mwingine aliyeguswa Mwabulenga, hata kuku. Miguu yako daktari anajaribu kuiokoa, wa kulia hana hakika nao.

Wamekuweka kitanda cha mwisho, ukutani. Malimi yuko cha tatu kutoka kwako. Nafasi hakuna kwingine, wameniomba radhi kana kwamba ni kosa lao.

Sasa kuna jambo, ndilo lililonifanya nikuandikie. Jumapili walipokuingiza, harufu ilitangulia kabla ya machela. Wodi nzima iligeuka. Malimi, bandeji machoni, taya limefungwa nyaya, aliinua ule mkono wenye plasta akaunyoosha upande wako. Siku zote nane hakuwa ameinua mkono. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wake, nikajua. Alidhani ni mimi ninaingia.

Wamekuvua nguo na kuzichoma. Wamekuosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, na jana nilimpa Queen limau na majivu, akakusugua umelala hujitambui. Haitoki. Nilikwambia nilivyoitengeneza. Kila feni ikigeuka kutoka kitandani kwako, Malimi ananyoosha mkono na kungoja aguswe, na mimi nainuka, nazunguka kitanda, naushika kutokea upande huo, ili asijue.

Kesho asubuhi wanamfungua macho.

Modesta